Mtaro Uliochimbwa Nikiwa Njiani

Mmeniuliza, marafiki zangu, kila mtu kwa simu yake, kwa nini safari ya siku tatu ilinichukua wiki nzima, na kwa nini tangu nirudi nimekuwa mtu wa kujibu kwa mkato. Nawaandikia wote kwa pamoja, maana kusimulia jambo hili mara nane kutanimaliza.

Kwanza mjue nilichokuwa nimebeba. Mnakumbuka kwamba baada ya kustaafu upangaji wa miji, shirika moja liliniajiri niwe mshauri wa vituo vitatu vya soko. Kazi ilikuwa kuwafundisha maofisa wa huko kupanga miji yao wenyewe kabla haijajipanga ovyo: barabara ipite wapi, mtaro wa maji ya mvua wapi, choo cha soko wapi. Mwaka wa kazi hiyo ulikuwa umekwisha, na kwenye mkoba nilikuwa na fomu ya kituo cha tatu, kilicho mbali kuliko vyote, kando ya Mwingi. Hapa nitakiita Kwa Kamene. Si jina lake, ila sitaki watu wake wasumbuliwe.

Ofisa wa mipango wa Kwa Kamene ni mmoja tu, binti anayeitwa Mueni, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo. Fomu ilikuwa na swali moja la maana: je, ofisi hii inaweza kupanga mji wake bila mshauri? Majibu yalikuwa matatu. Ukiandika Ndiyo, Mueni anaajiriwa kabisa na mshauri anarudi kwake. Ukiandika Hapana, mpango unapewa kampuni ya Nairobi na Mueni ndiye anayerudi kwao. Ukiandika Bado, yeye anaongezwa mwaka mmoja wa majaribio, na mimi pia. Niliondoka nyumbani, mjini Wote, nikiwa nimeshaamua kuandika Bado, na nikajiambia ni kwa faida yake. Bado ni neno tamu sana kwa mshauri.

Wote hadi Tawa

Tawa, kimojawapo cha vile vituo vitatu, nilikuwa na shughuli ya saa moja tu, kuwaachia maofisa wa pale ramani zao. Nilishuka garini nimevaa ile fulana yangu ya rangi ya kung'aa, utepe wa kupimia ukining'inia kiunoni, njaa ikiniuma. Nikaelekea kwa mama mmoja anayeuza muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na mbaazi chini ya turubai la buluu. Kabla sijaketi, alinipakulia sahani iliyojaa hadi ukingoni, kisha akapanda kwenye kiti akaanza kufungua kamba za turubai lake.

"Mwaitu, mama, mbona unavunja?" nikamuuliza.

"Si umekuja kuweka alama ya X ya kubomoa? Kula kwanza. Mimi naondoa mwenyewe mapema, ndio msiharibu mabati yangu."

Nilijitahidi kumweleza kwamba sivunji mtu, kwamba siku hizi kupanga mji ni kukaa pamoja na kukubaliana. Alinisikiliza huku ameshika kamba mkononi.

"Pamoja na nani?"

"Na wananchi."

"Mimi niko hapa miaka kumi na mbili. Nani aliniita?"

Nilimkumbuka kila mtu niliyemfundisha Tawa, na kweli hakukuwa na hata mmoja anayepika. Nilimaliza muthokoi wangu kwa aibu, kisha nikamsaidia kulirudisha turubai. Lilikuwa zito na mafundo yake yalikuwa ya siri yake mwenyewe, kwa hiyo tulipomaliza gari lililokuwa linanisubiri lilikuwa limeondoka. Nililala Tawa. Hiyo ni siku ya kwanza kupotea, na kosa ni la fulana.

Tawa hadi Kitui

Kesho yake nilipata gari la mwalimu mmoja aliyekuwa anakwenda Kitui kumwona dada yake. Tulipita Masii vizuri tukicheka, na tulipofika Wamunyu klachi ikafa. Fundi alilala chini ya gari, akatoka, akajipangusa mikono na kusema kipuri kitatoka Machakos, labda leo, labda kesho. Sote tulielewa kwamba ni kesho.

Simu yangu ilikuwa imezimika. Nikamwachia kinyozi wa jirani aichaji, nami nikaenda kutembea. Niliporudi nilikuta duka limefungwa. Jirani yake akaniambia kwa upole, kama mtu anayetoa habari njema, kwamba kinyozi amekwenda kwenye sherehe ya mahari ya binamu yake na atarudi kesho jioni. Simu yangu ilikuwa ndani ikichajiwa vizuri sana, sioni kosa katika hilo.

Basi nikashinda na wachongaji. Mnajua Wamunyu ni mji wa vinyago. Mmoja wao, Nzuki, mtu wa makamo mwenye vumbi la mti hadi kwenye kope, alinikaribisha kwenye gogo na akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamweleza.

"Kwa hivyo unafundisha watu mpaka wajue, halafu?"

"Halafu naondoka."

"Na wakijua haraka?"

Nikacheka, lakini yeye hakucheka. Alinionyesha vijana wake wanne waliokuwa wanachonga swara. Miguu, pembe na shingo zilikuwa safi, lakini swara wote walikuwa vipofu.

"Macho nafanya mwenyewe," akasema. "Nawapeleka nyuma ya nyumba, nafanya macho, narudisha. Mtu akishajua macho, kesho anafungua yake pale ng'ambo ya barabara. Wewe ficha kitu kimoja, utakula miaka mingi."

Nilimwona ni mjanja, tena nikamsifu. Usingizi ulipokataa kuja katika chumba nilichokodi ndipo nilipofikiria darubini yangu, ile ya miguu mitatu ya kupimia usawa wa ardhi. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikiibeba kwenye sanduku lake. Kila mara Mueni alishika ule ufito wa vipimo kwa mbali, juani, na mimi nikachungulia. Aliwahi kuniomba achungulie yeye. Nilimwambia kifaa hiki ni laini, mara nyingine. Mara nyingine haikufika.

Kitui hadi Migwani

Kinyozi alirudi jioni ya siku iliyofuata akiwa ameshiba, akanipa simu yangu na pole nyingi. Klachi nayo ilifika. Tulivuka Athi giza likiingia, na Kitui nililala kama gogo. Asubuhi ndipo nilipofungua simu nikaona kwamba Mueni alikuwa amenipigia mara kumi na moja. Nilipompigia, hakupatikana. Kwa Kamene mtandao unapatikana mahali pawili tu, na pamojawapo ni juu ya tangi la maji la shule.

Kutoka Kitui nilipanda gari la mzigo la mwanamke anayepeleka mbegu madukani. Mawingu ya mwezi wa kumi yalikuwa yameanza kujikusanya, na watu walikuwa mashambani wakipanda kabla ya tone la kwanza, kama ilivyo kawaida yetu. Mwenye gari aliniuliza kama kazi yangu inaweza kuleta lami kwake. Nikasema hapana. Hakuniongelesha tena hadi Migwani.

Migwani ilikuwa siku ya soko. Nilikaa kwenye benchi nikiwa na chapati na ndengu, na tonge la pili likiwa mkononi, simu ikalia.

"Mwalimu, wamechimba." Ilikuwa sauti ya Mueni, na upepo mwingi nyuma yake.

"Wamechimba nini?"

"Mtaro."

"Mtaro gani?"

"Ile yetu ya darasa."

Hapo niwaeleze, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda. Wiki tatu nyuma nilikuwa nimewafundisha watu wa Kwa Kamene namna ya kuhamisha mstari kutoka kwenye ramani hadi ardhini. Tulichukua mtaro wa maji ya mvua uliokuwa kwenye rasimu ya mpango, tukapiga vigingi, tukavuta kamba ya katani kutoka sokoni hadi bondeni. Lilikuwa zoezi tu, kwa sababu mpango wenyewe ulikuwa haujapitishwa na mtu yeyote. Nikaacha vigingi pale kwa ajili ya somo lijalo, nikaenda zangu.

Mimi ni Mkamba, nimezaliwa na mama aliyechimba matuta ya shamba na wenzake miaka yake yote, na bado nilifanya kosa hilo. Kwetu, kikundi cha mwethya, cha kusaidiana kazi, hakingoji barua. Wanawake wanaamua, mtu anapiga vigingi na kuvuta kamba, na siku yao ikifika kila mmoja anatoka na jembe lake. Kamba ikishavutwa, mazungumzo yamekwisha. Nilikuwa nimewapigia tarumbeta ya kazi halafu nikasafiri.

"Kwa nini hukuwazuia?" nikamwuliza Mueni.

Simu ikakatika. Chapati niliiacha pale.

Mwingi

Sikupata usafiri wa moja kwa moja, na nilipofika Mwingi jua lilikuwa linazama. Niliketi kwenye hoteli moja ya barabara ya Garissa, palipo na malori mengi, nikaagiza chai ya maziwa ya ngamia na mahamri. Nilianza kupanga maneno. Mtaro usio na kibali unatosha kuandika Hapana, achilia mbali Bado. Mtu akianguka ndani, akivunjika mguu, nani atajibu? Na nilijua mstari ule unapita katikati ya boma la mbuzi la Halima, mfanyabiashara ambaye familia yake ilitoka kaskazini mashariki zamani. Tulipovuta kamba yeye alikuwa safarini. Tuliipitisha juu ya ua wake tukasema tutamweleza.

Mwanamume mmoja aliyevaa kofia ya kufuma alikuja akaketi mbele yangu.

"Wewe ndio ile mtu ya ramani?"

Nikakiri.

"Mimi Abdi, ndugu ya Halima. Nimeona hiyo mtaro yenu."

Nilianza kuomba radhi kabla hajamaliza. Nikamwambia tutaufukia, tutamjengea ua mpya, kwamba lilikuwa zoezi, kwamba wanawake hawakuelewa. Alinitazama kwa mshangao.

"Mbona unaomba msamaha? Mimi nimekuja kusema asante. Imepita nyuma ya boma, vizuri sana. Hata mbuzi moja haijasumbuliwa."

Nikadhani ananikejeli. Wafanyabiashara wa mifugo wana kejeli ya taratibu. Nikaomba radhi mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi, naye akazidi kunishukuru, mpaka watu wa meza ya jirani wakageuka kutuangalia. Mwishowe alichoka nami akanilipia chai. Asubuhi alinipa nafasi kwenye lori lake, na njia nzima tulizungumza juu ya bei ya malisho. Wala kuhusu mtaro hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Kwa Kamene

Niliuona kabla lori halijasimama. Mtaro ulikuwa umetoka pembeni mwa soko, kina chake hadi gotini, kingo zimenyooka, udongo umerundikwa upande wa juu kama inavyotakiwa. Wanawake kama ishirini walikuwa bado kazini upande wa bondeni. Na kweli, ulipofika boma la Halima ulipinda, ukapita nyuma yake, ukaacha vigingi vyangu vimesimama peke yavyo upande wa pili.

Mueni alikuja mbio akiwa na daftari, viatu vyote tope. Sasa nawaambia jambo ambalo nalionea aibu. Nilimgombeza mbele ya watu. Nilimwambia ameharibu mwaka wetu mzima, kwamba ofisa asiyeweza kuzuia majembe hawezi kupanga mji, na nani alimruhusu kusogeza mstari. Majembe yalisimama moja baada ya jingine.

"Nilikupigia siku mbili, mwalimu," akasema. Hakutazama chini. "Walikuja na majembe asubuhi. Niliwaambia wangoje. Wakaniuliza wangoje nani, na mvua iko hapo. Halafu mama Syokau akasema hiyo laini yako ya kamba haiwezi."

Syokau ndiye kiongozi wa mwethya, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mbali. Alikuwa ameegemea jembe lake.

"Hapo pa vigingi yako maji haitoki, inarudi," akaniambia. "Mimi nimekaa hapa, nimeona ikirudi. Inaingia zahanati."

"Ramani inaonyesha mteremko," nikasema.

"Basi tukapima," Mueni akasema.

"Mlipima na nini? Darubini ninayo mimi."

Akaenda chini ya kivuli cha duka akarudi na mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, wa wale mafundi wa nyumba, umejaa maji. Mnajua unavyotumika: ncha moja hapa, ncha nyingine kule, na maji yenyewe yanakuambia ni wapi pako juu. Kila fundi wa kijijini anao. Walikuwa wamepima hivyo kigingi kwa kigingi tangu sokoni, siku nzima, Mueni akiandika. Daftari lilikuwa na kila kipimo. Baada ya vipimo kulikuwa na mchoro wa mstari mpya, na baada ya mchoro majina ya kila mwenye duka na boma ambaye mtaro ungepita kwake, na sahihi au dole gumba la kila mmoja. Aliwasimamisha wote pale pale ambapo jembe lingepita, akawauliza. Jina la Halima lilikuwa la kwanza. Msimamizi wa wadi alikuwa ameitwa, akaja, akatia sahihi yake mwishoni.

Nilifungua sanduku langu. Nikaisimamisha darubini, nikaisawazisha, na nilipotaka kumpa Mueni ufito, mkono ukanikataa. Nikampa ufito mwanamke mwingine. "Chungulia wewe," nikamwambia Mueni. Ilibidi nimwonyeshe mahali pa kushika, mara moja tu. Akasoma namba kwa sauti, nami nikaandika, kuanzia kigingi changu cha kwanza hadi cha mwisho.

Mstari wangu ulikuwa unapanda. Si sana, kama upana wa kiganja, lakini maji hayahitaji zaidi ya hapo. Barabara ilikuwa imeinuliwa kwa changarawe baada ya ile ramani ya ofisini kuchorwa. Ningejua kama ningepima. Siku ile ya zoezi jua lilikuwa kali, nikaiacha darubini sandukuni nikatumia karatasi, mimi niliyewafundisha wasiamini karatasi. Mvua ya kwanza ingeyaingiza maji yote ya soko kwenye chumba cha akina mama wanaojifungulia pale zahanati.

Nilisema nimekosea. Nilisema kwa Kikamba, ili asiwepo wa kutafsiriwa, kisha nikamwomba Mueni radhi mbele ya wale wale niliomgombeza mbele yao.

Syokau alicheka hadi akashika kiuno. "Mwalimu, maji haijui kusoma ramani. Kuja ukule."

Tulikula pilau ya Halima na maharagwe ya wanawake wa mwethya, kila kimoja kutoka sufuria lake, tumekaa ukingoni mwa mtaro miguu ndani. Walibishana mahali pa kuweka daraja dogo la wenye mikokoteni. Walimuuliza Mueni. Hakuna aliyeniuliza mimi, na nilijikuta nasubiri niulizwe.

Baada ya chakula tulikwenda ofisini kwake, chumba kimoja chenye meza moja na bango la chanjo ya mifugo alilolikuta pale. Sheria ya fomu ni kwamba lazima isomwe mbele ya ofisa anayehusika. Niliandika Ndiyo. Kwenye nafasi ya maelezo niliandika kwamba mshauri alikosea, ofisa akagundua kwa kifaa alichokipata, akawashirikisha wote wanaoguswa, akasahihisha, na kwamba kama angemngoja mshauri zahanati ingefurika. Nikaongeza kwamba kazi ilianza kabla ya kibali kwa sababu ya vigingi vya mshauri, si vya ofisa. Nikamsomea neno kwa neno.

Nilidhani atashangilia. Akawa anakunja ncha ya daftari lake. Alikuwa anajua majibu yote matatu na maana yake, labda kuliko mimi.

"Na sasa wewe, mwalimu," akasema, "utakula nini?"

Mdomoni nilikuwa na lile neno, Mungu atajalia, kama tunavyosema sote tukikosa jibu. Lakini alikuwa ameniuliza kwa dhati, na siku hiyo nilikuwa nimeshachoka kumdanganya.

"Sijui, Mueni," nikamwambia. "Mwaka mzima nilikuwa nakufundisha ili siku hii ifike. Na mwaka mzima nilikuwa naomba isifike."